Picha Safi, Sauti Safi

Siku mtu mwenye ndoo kichwani alipoingia kwenye televisheni bila kubisha hodi, nchi nzima ilimwona isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akimrusha hewani.

Walimwita Mlingoti. Jina hilo alilipata kwa urefu na wembamba wake, na kwa kuwa miaka tisa ya ujana wake aliimalizia juu ya kilima, chini ya mlingoti wa chuma unaorusha matangazo. Studio zilikuwa mjini. Kutoka huko picha ilitumwa hewani hadi kwenye dishi la kilimani, dishi likaidaka, mitambo ikaitia nguvu, mlingoti ukaimwaga juu ya mapaa ya watu. Fundi wa zamu alikaa peke yake na televisheni ndogo, jenereta, birika la chai na daftari. Kila robo saa alitakiwa atazame picha, asikilize sauti, aandike alichokiona, atie sahihi.

Kwenye daftari ndipo palipokuwa na mchezo. Mafundi wa kilimani, tangu enzi za waliokwisha kustaafu, walikuwa na desturi yao. Ukifika asubuhi, chai ikiwa bado inafuka mvuke, unajaza ukurasa mzima mpaka jioni. Saa mbili kamili, picha safi, sauti safi. Saa mbili na robo, picha safi, sauti safi. Mkono ukishalizoea neno hilo hauoni sababu ya kusimama. Kikiharibika kitu utafuta, na mara nyingi hakiharibiki. Mlingoti alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza, na aliyemfundisha alikuwa mjomba wa mkewe, fundi mkongwe aliyemtafutia kazi hiyo.

"Daftari ni kama salamu," Mjomba alimwambia. "Ukiulizwa habari unasema nzuri. Nani anasimama njiani kueleza jino linalomuuma?"

Basi siku ya tukio, saa saba na robo mchana, Mlingoti alikuwa nje ameinamia jenereta anapima oili. Ndani, kwenye skrini aliyoipa kisogo, msomaji wa habari alikuwa akieleza juu ya daraja jipya. Daraja likayumba, likakatika vipande, pakawa giza. Kisha akatokea mtu amesimama nyuma ya meza, amevaa koti refu, kichwa chote kimezama ndani ya ndoo ya plastiki ya buluu isiyo na tundu hata la kupumulia. Alikuwa anapiga pasi. Hakusema neno. Alisikika akijiimbia puani, kama mtu aliye nyumbani kwake asiye na haraka, na pasi ya mkaa ikaenda na kurudi juu ya shati jeupe. Alipomaliza alilishika shati mabegani akaliinua mbele ya kamera. Lilikuwa na mikono mitatu. Akalikunja vizuri, akalipigapiga kwa kiganja. Daraja likarudi.

Dakika moja na nusu. Mlingoti aliingia akijifuta mikono, akamkuta msomaji wa habari ametoa macho kama aliyemeza mfupa, akadhani timu yake imefungwa. Hapo simu ikaanza kulia, na haikunyamaza tena.

Walipomweleza alichokirusha, alikwenda kulitazama daftari. Saa saba na robo: picha safi, sauti safi, na sahihi yake chini, yenye mkia mrefu aliokuwa akijivunia tangu shuleni. Alishika kalamu afute. Lakini afute aandike nini, na hakuona? Alishika kalamu mara mbili, akaiweka mara mbili. Laiti wapelelezi wangepanda mchana ule ule, wangekuta ukurasa umeshajazwa hadi saa kumi na mbili na siri ingejifichua yenyewe. Gari lao lilikwama matopeni njiani. Walifika kesho yake asubuhi, wakati saa zote za jana zilikuwa zimekwisha pita, na ukurasa ulionekana mkweli kuliko mashahidi wote.

Mpelelezi aliyepewa kazi hiyo alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole, ile inayokufanya utamani angekufokea tu. Alikuwa amejifunza mambo ya dishi kwa usiku mmoja. Dishi, alisema, humsikiliza anayepiga kelele zaidi. Mtu mwenye mtambo wa nguvu akijibanza mahali panapotazamana nalo, picha ya studio husukumwa kando. Lakini fundi aliye mbele ya skrini angeweza kuikata picha hiyo kwa kidole kimoja. Huyu hakuikata. Tena aliandika kwamba mambo yalikuwa safi.

Mlingoti akasema alikuwa nje.

"Ulikuwa nje," mpelelezi akarudia, "ukaandika ulichokiona ndani?"

Jibu Mlingoti alikuwa nalo mdomoni, la moto kama kaa, lakini kulitema kulikuwa kumchoma Mjomba, ambaye alibakiza miezi minne astaafu kwa heshima, na kumchoma Mhandisi Mkuu, ambaye naye alianzia kilimani. Kwa hiyo alilimeza. Mpelelezi akampa siku kumi na nne. Zikiisha bila maelezo, jalada lake lingepelekwa mahakamani kama mshirika wa mtu mwenye ndoo, na tangu siku hiyo kilimani asikanyage.

Jioni hiyo Mjomba alikuja nyumbani, akakataa kiti, akasimama mlangoni akizungusha kofia yake vidoleni. Alimshauri aseme kwamba aliiona picha ile akapigwa na butwaa, akaandika kwa woga.

"Nikisema niliiona, Mjomba, nimejifunga mwenyewe."

"Na ukisema kweli umenifunga mimi." Mjomba alimtazama kidogo, kisha akatazama chini. "Sikulazimishi, mwanangu. Nakwambia tu lilivyo."

Toka hapo Mlingoti hakukalika. Akikaa anasimama, akisimama anachungulia dirishani, akilala anahesabu mbao za dari na kuzikuta zimeongezeka. Mtaani kulikuwa na ndoo vichwani mwa watoto wote. Wanawake walifika bombani wakakosa vya kuchotea. Pacha wake mwenyewe, wa miaka minne, waligonga ukuta kwa sababu ya ndoo, mmoja akapata nundu, mwenzake akalia kwa wivu kwamba yeye hana. Majirani waliomsalimia kwa jina sasa walimuuliza lile shati ni saizi gani. Alicheka nao. Meno yalicheka, tumbo halikucheka.

Wapelelezi nao walipekua vilima vyote vinavyotazamana na dishi, wakapanda mapaa ya maghorofa, wakafungua maghala. Hawakuona waya wala msumari. Kwa kukosa la kufanya wakawakusanya madobi wote wa mjini wenye pasi za mkaa, wakawahoji siku mbili, wakawaachia. Mmoja wao alikuwa dobi wa mtaani kwao Mlingoti, mtu mnene mwenye kiherehere, ambaye alirudi kutoka mahojianoni akiwa amekasirika, si kwa kushukiwa, bali kwa kushukiwa ovyo.

"Yule si dobi," aliwaeleza wateja. "Dobi anaanza na kola. Yeye alianza na mikono, na alikuwa nayo mitatu. Mtu wa kazi ana muda huo?"

Kwa dobi kulikuwa na televisheni juu ya kabati, na mbele yake benchi lililojaa watu kuanzia saa sita. Mlingoti akaanza kwenda huko kila siku. Kichwani mwake alikuwa na hesabu moja tu: mtu wa ndoo akirudi wakati yeye amekaa hapa, mbali na kilima, mbele ya macho ya watu wanane, nani atasema yeye ni mshirika? Kwa hiyo yule ambaye nchi nzima iliomba akamatwe, Mlingoti alimwombea arudi. Alimwombea kwa jina, na jina hakulijua. Siku ya nne akajisikia haya. Siku ya saba haya ikamwisha. Picha ikitikisika kidogo tu, alisimama. Ndege akitua juu ya waya, picha ikaruka, Mlingoti aliruka nayo, na dobi alimwambia, "Shemeji, kaa. Wewe na mimi ndio washukiwa, tukisimama wote watu watakimbia."

Mkewe, Mama Pacha, alimtazama akitoka kila mchana amepiga mswaki na kuvaa kama mtu anayekwenda kumposa mtu, akamwuliza kama anajua kwamba anamngoja mhalifu. Mlingoti alijibu kwamba anajua.

Siku ya kumi na moja, saa nane kasorobo, kipindi cha wakulima kinaelekea mwisho, shamba la mahindi likakatika katikati. Dobi alikuwa na suruali ya mteja mezani.

Mtu wa ndoo safari hii alikuwa ameketi, na lile shati lilikuwa mwilini mwake. Mikono yake miwili, ndani ya mikono miwili ya shati, ilitulia juu ya meza kama ya mwanafunzi mtiifu. Mkono wa tatu wa shati ulining'inia kifuani, mtupu. Watu wakacheka. Kisha ule mkono mtupu ukajaa taratibu, ukanyanyuka, ukawapungia. Hakuna aliyecheka tena. Kutoka benchini, kutoka mlangoni, kutoka barabarani walikosimama waliokuwa wakipita, kilisikika kimya, na ndani ya kimya hicho mtu yule akijiimbia puani.

Mlingoti alikuwa amesimama juu ya benchi, mikono juu.

"Nioneni!" alisema. "Nipo hapa. Mnaniona? Nipo hapa!"

Waliokuwapo walimwona. Walisikia pia harufu, na dobi akainua pasi akakuta suruali ya mteja ina dirisha.

Usiulize furaha ambayo Mlingoti alikwenda nayo nyumbani. Alitembea kama aliyetuliwa gunia. Alifika mlangoni, akamkuta Mama Pacha amevaa viatu anataka kutoka, na uso wake haukuwa wa furaha. Ndipo akakumbuka kitu ambacho kwa siku kumi na moja za kuomba hakukiuliza: juu ya kilima, leo, zamu ni ya nani.

Mjomba alikuwa amechukuliwa. Jioni hiyo Mama Pacha alikwenda kumwona huko alikowekwa na kurudi na habari yote, naye aliieleza amesimama, bila kuvua viatu. Mjomba alikula chakula cha mchana akasinzia, usingizi wa mtu wa umri wake. Kilichomwamsha ni mngurumo wa gari la wapelelezi likipanda. Akadhani wamekuja kukagua daftari. Na daftari lake, pamoja na yote yaliyompata mkwewe, lilikuwa limeshajazwa hadi jioni, kwa maana mkono wa miaka ishirini na minane hauulizi kichwa. Kwa hofu akachana ukurasa, akautia mdomoni, akaanza mwingine mbio mbio, akaujaza hadi saa ile aliyokuwapo na asivuke. Saa nane kasorobo akaandika picha safi, sauti safi. Aliwakabidhi ukurasa huo mwenyewe, kwa mikono miwili, bado anatafuna.

"Nimemwambia aseme," Mama Pacha alisema. "Anasema akisema, na wewe umekwisha. Wewe unanyamaza kwa ajili yake, yeye ananyamaza kwa ajili yako. Mjomba wangu atafia gerezani kwa adabu tu?"

Mlingoti alikunywa maji, akatoka.

Alimkuta mpelelezi ofisini, peke yake, mbele ya rundo la madaftari ya zamu. Alimweleza desturi ya kilimani tangu mwanzo hadi mwisho bila kukaa. Mpelelezi hakuonekana kumwamini, na Mlingoti hakumlaumu. Maneno ya mshukiwa anayemtetea mshukiwa ni maji ndani ya pakacha. Basi akaomba daftari la miaka kumi na sita nyuma, la siku ambayo radi ilipiga mlingoti na nchi ikakaa saa saba bila picha. Siku hiyo kila mtu aliikumbuka, hata mpelelezi. Alikuwa na televisheni mpya na alidhani imeharibika. Walilitafuta, wakalikuta, wakalifungua. Saa zote saba: picha safi, sauti safi. Na sahihi iliyokuwa chini ya kila mstari ilikuwa ya Mhandisi Mkuu, alipokuwa kijana.

Mpelelezi alisoma ukurasa ule mara mbili. Akavua miwani.

"Kwa hiyo haya yote," alisema, akionyesha rundo kwa mkono, "ni hewa."

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote. Hakuna anayejua kilichotoka kwenye mlingoti ule."

Mlingoti akasema wanajua watazamaji. Alisema hivyo ili kujibu kitu tu. Lakini mpelelezi alimkazia macho, akafungua droo, akatoa bahasha moja iliyochakaa, akamsukumia. Alieleza kwamba aliikuta kwenye mafaili ya barua za watazamaji juzi, akaiweka kando kwa kuwa daftari liliipinga.

Barua ilikuwa ya miaka sita nyuma. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzima, umesimama wima.

*Wapendwa, jana saa saba na nusu mchana kwenye kituo chenu nimemwona mtu amefunika kichwa kwa ndoo ya buluu akikata kitambaa cheupe kwa mkasi. Alionekana muda mfupi tu. Mimi ni fundi cherehani, mkato wa shati naujua. Alikata mikono mitatu. Naomba mniambie lile ni tangazo la nini, maana hapa nyumbani nimeambiwa nimeota.*

Nyuma yake ilibanwa nakala ya jibu la kituo. Kumbukumbu zetu za siku hiyo zinaonyesha kuwa picha ilikuwa safi na sauti ilikuwa safi. Tunakushauri umwone daktari wa macho.

Mpelelezi akafungua daftari la siku hiyo, akaweka kidole kwenye saa saba na nusu. Mlingoti hakuhitaji kusoma. Aliuona ule mkia mrefu wa sahihi kabla kidole hakijafika.

Mjomba aliachiwa baada ya siku mbili na akastaafishwa bila hotuba. Mhandisi Mkuu alihamishiwa ofisi isiyo na dirisha. Mlingoti, jalada lake likafungwa, akarudishwa kilimani, kwa sababu aliyeijua mitambo hiyo kama yeye hakupatikana. Mtu wa ndoo hakukamatwa. Walipima, walipekua, walileta wataalamu wenye masanduku ya vyuma. Wapo waliosema ni fundi aliyefukuzwa zamani, wapo waliosema ni wanafunzi, wapo waliosema mengine ambayo hayasemeki mchana. Hakuna aliyejua ni nani, yuko wapi, wala kwa nini mtu atumie miaka sita kushona shati moja.

Jina la Mlingoti lilikuwa limesafishwa, na majirani walimsalimia kwa heshima. Lakini bado hakukalika. Zamu nzima alikodolea macho ile televisheni ndogo, na akiandika aliandika kwa saa yake, mstari mmoja mmoja. Zamu ikiisha macho yalipumzika, kilichokuwa hakipumziki ni kitu kingine. Siku kumi na moja za kutoaminiwa zilimkondesha hata suruali zikamvuka. Yule fundi cherehani aliyeandika barua alikuwa haaminiwi kwa miaka sita.

Siku yake ya mapumziko alichukua anwani iliyoandikwa kwenye bahasha, akaenda. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alifunguliwa na mwanamke wa makamo aliyekuwa amejifunga kanga ya kazi, na Mlingoti akaeleza anakotoka. Mwanamke akasema, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa ukali, kwamba mama yake hasumbuliwi tena na mambo ya televisheni. Lakini kutoka ndani sauti ikasema, "Mwache apite, binti yangu."

Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, mdogo, mikono mapajani. Sakafuni mbele yake, kwenye saruji, palikuwa na alama nne za miguu ya meza ya cherehani, na cherehani haikuwapo. Binti aliifuata njia ya macho ya mgeni, akaanza kujieleza kabla ya kuulizwa. Barua ya kituo ilisema macho. Daktari wa macho hakuona ugonjwa, akasema labda ni kichwa. Mtu anayeona watu wenye ndoo, alisema binti, utamwachaje karibu na sindano na mkasi? Cherehani aliigawa kwa shangazi yake, na shangazi alihama nayo.

"Hata juzijuzi, mtaa mzima ulipomwona yule mtu," alisema binti, "nilijua ni bahati tu, imelingana na ndoto yake."

Mlingoti alikuwa amejiandalia maneno njiani, marefu na yenye mpangilio. Yalimtoroka. Alichuchumaa mbele ya kiti cha yule mama, magoti yake marefu yakafika karibu na masikio.

"Mama," alisema, "uliona. Siku ile zamu ilikuwa yangu. Niliandika picha safi asubuhi, kabla ya picha yenyewe. Sikutazama. Uliona kweli, na mimi ndiye niliyekufanya mwongo."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika.

"Mimi nilijua kwamba niliona," alisema. "Mwambie yeye."

Mlingoti akageuka, akiwa bado amechuchumaa, akayarudia maneno yale yale kwa binti, moja baada ya jingine. Yalikuwa mazito zaidi mara ya pili. Binti alisimama na mkono mmoja kwenye mlango. Alitazama zile alama nne sakafuni kwa muda mrefu, kama mtu anayezihesabu na kukosa jibu.

Mama hakumkemea. Aliuliza saa ngapi. Mlingoti akamwambia imebaki dakika tano ifike saa saba.

"Basi washeni," alisema mama. "Nataka kuona alivyouunga ule mkono wa tatu. Wanasema uko kifuani, na kifuani hapana mahali pa kuunga mkono."

Televisheni ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa, na vumbi juu yake lilisema imekaa hivyo miaka. Binti alikwenda, akakivuta kitambaa, akawasha. Ilichukua muda kupata picha. Msomaji wa habari akatokea, akasema habari za mchana, na picha ikatikisika kidogo, ikatulia, ikatikisika tena. Binti, kitambaa bado mkononi, akavuta kigoda chake, akakisogeza mbele, kisha mbele tena, mpaka goti lake likagusa kiti cha mama yake.